Kabla ya kuagiza barakoa, washeni udi wodini

Mkuu uliyeandika kutoka Kasulu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema wauguzi watano wa wodi moja wameangushwa na mafua na kifua ndani ya siku kumi, mmoja anakohoa mpaka leo, na kikao chenu kimeamua kuagiza barakoa za N95, zile zinazobana usoni na kuchuja hewa, na kupiga dawa sakafu. Unauliza kama inatosha. Haitoshi. Mimi ni muuguzi hapa Tabora, huu ni mwaka wangu wa kumi na sita wodini, na haya yamenikuta mwenyewe.

Tuanze na huyo anayekohoa mpaka leo. Kama wiki mbili zimepita, atoe makohozi yapimwe kesho asubuhi. Msimsubirie mpaka amalize zamu zake.

Mwaka 2017 mimi nilikohoa wiki tano. Wiki ya kwanza nilisema ni vumbi. Ilikuwa Julai, na anayeijua Tabora ya Julai anajua vumbi lile linavyoingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Wiki ya pili nikapima malaria, haikuonekana, nikameza dawa mseto hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikaanza kulowesha shuka usiku. Kila asubuhi nilikuwa nawauliza wagonjwa yale maswali manne, kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, na sikujiuliza hata moja. Aliyenishtua ni mama mmoja mhudumu wa usafi. Alinivuta pembeni akaniambia, "Sista, siku hizi gauni ndilo linakuvaa wewe." Makohozi yangu yaliingia kwenye mashine ya GeneXpert saa tatu asubuhi na kabla ya saa sita jibu lilikuwa limetoka. Kifua kikuu.

Nilimeza dawa miezi sita, dawa nne kwa pamoja miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa miezi minne, nikapona kabisa. Kilichoninyima usingizi si dawa. Ni mwenzangu wa zamu, tuliyekuwa tunakula sahani moja, ambaye nyumbani alikuwa na kichanga cha miezi minne. Mtoto alichunguzwa, hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga, na sasa anasoma shule ya msingi. Lakini zile siku za kusubiri siwezi kumtakia mtu yeyote.

Baada ya hapo tulikaa, mimi, kiongozi wa wodi na fundi wa majengo, tukajiuliza swali moja tu: sisi kwa sisi tunavutiana pumzi wapi? Wote tulidhani jibu ni kitandani kwa mgonjwa. Kumbe kwa mgonjwa tunakuwa na barakoa na tunakaa dakika chache. Tulikoumizana ni kwenye chumba cha chai. Kilikuwa stoo ya zamani, haina dirisha, na saa nne tunajazana humo sita au saba, barakoa chini ya kidevu, mihogo mezani, tunacheka. Mafua yanatoka kwa mtu kama siku moja kabla hajasikia hata kuwashwa koo. Kwa hiyo anayewaambukiza pale mezani anaonekana mzima, na yeye mwenyewe anajiona mzima. Ripoti ya kupokezana zamu nayo ilikuwa vilevile: watu wa usiku na wa asubuhi wamebanana kwenye kichumba kimoja nusu saa nzima, mlango umefungwa ili wagonjwa wasisikie.

Chai tuliihamishia nje, chini ya mwembe. Mvua zikianza tunakaa barazani. Ripoti tunatolea barazani pia, na mambo ya siri ya mgonjwa yanasemwa na watu wawili pembeni. Haikutugharimu hata shilingi, na kati ya yote tuliyofanya hili ndilo ningelirudia la kwanza.

Sasa huo udi. Unajua vile vijiti vya udi vya dukani, vinavyotoa moshi mwembamba? Tuliwasha kimoja kwenye kitanda namba 4, tulipozoea kumlaza anayekohoa sana ili tumwone tukiwa mezani. Tukasubiri. Moshi ulipanda kidogo, ukainama, ukaja moja kwa moja kwenye meza yetu, ukatanda juu ya mafaili kama umetumwa. Kiongozi wa wodi alinyamaza muda mrefu. Miaka yote tulikuwa tumekaa mahali pumzi ya mgonjwa inapokuja kupumzika.

Tulipotazama juu tukaona sababu. Wodi yetu ni ya zamani, dari iko juu, madirisha mapana yanatazamana. Ila upande mmoja kabati za mafaili zilikuwa zimeziba madirisha mawili, na matundu ya hewa ya juu mtu alishayaziba zamani kwa maboksi ya dripu kuzuia vumbi. Tukatoa kabati, tukabandua maboksi, meza tukaipeleka upande upepo unakoingilia, wenye kikohozi tukawapeleka mwisho unakotokea. Tukawasha udi tena: moshi ukatoka dirishani.

Kama huko kwenu kuna mtu anadharau madirisha, mwelezeni ya Lima, Peru. Watafiti walipima hewa katika hospitali za kule, wakachapisha matokeo 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba vinavyosukumiwa hewa kwa mitambo, vilivyojengwa maalumu kwa kutenga wagonjwa, hupangiwa mara 12. Na majengo yao ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, wakati yale mapya yanayotegemea madirisha yalifika mara 17. Ndiyo maana huwa naumia nikiona jengo jipya lina vidirisha vidogo na kiyoyozi ukutani. Kiyoyozi cha namna ile huchukua hewa ileile ya chumbani, kikaipoza, kikairudisha. Kama chumba chenu cha wauguzi kina kiyoyozi na mnafunga madirisha, hapo ndipo nitakapoanza kutafuta.

Shida iko usiku, hasa kipupwe. Mgonjwa anasikia baridi, ndugu wanafunga madirisha, na wewe mwenyewe saa nane usiku umejikunyata na kitenge mabegani, hutaki kuyafungua. Mzee mmoja alikuwa kila nikifungua, anafunga. Nikamwamkia, nikakaa pembeni ya kitanda, nikamweleza kwamba hewa ikikwama humu yeye aliyekuja na kidonda cha mguu anaweza kurudi nyumbani na kifua. Akaniuliza, "Kwa hiyo blanketi la pili liko wapi?" Alikuwa na haki. Tangu hapo tukaanza kudai mablanketi kama tunavyodai dawa, na vitanda vyote vikafungwa vyandarua, maana sababu ya pili ya kufunga madirisha ni mbu. Ukimwambia mgonjwa afungue dirisha bila kumpa blanketi na chandarua, atalifunga ukigeuka tu.

Barakoa sizikatai. Ila ya kwanza mvalishe anayekohoa. Afrika Kusini walilipima hili kwa kupeleka hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wanaofanana na panya. Siku ambazo wagonjwa walivaa barakoa za kawaida za upasuaji waliambukizwa simbilisi 36 kati ya 90, na siku ambazo hawakuvaa, 69 kati ya 90. N95 ni yako wewe unayeingia kwa mwenye kifua kikuu au unayemsaidia kutoa makohozi, na makohozi hayo yatolewe nje, uwanjani, kamwe si chooni. Ibane vizuri puani; kwa mwenye ndevu haishiki. Ile utakayoivaa tena ihifadhi kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako, iwe kavu. Mikono nawa, kwa mafua inasaidia sana. Dawa ya sakafu endeleeni nayo kwa usafi, lakini kilicho hewani hakisubiri deki.

Limebaki lile linalowatesa watu kimya kimya: ruhusa. Pale nilipokuwa wakati ule, ukisema unaumwa unajibiwa "wodi haiwezi kukaa bila mtu." Basi unameza Panadol unakuja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, akiwa na cheti cha daktari. Haki ipo, ila mtu anamwonea huruma mwenzake atakayebaki na wagonjwa arobaini peke yake. Sisi tuliliweka kwenye ratiba yenyewe: kila wiki jina moja la akiba, anajua anaweza kuitwa, na akiitwa analipwa siku yake ya mapumziko baadaye. Mwenye homa na kikohozi anapiga simu, harudi mpaka homa iishe. Mwanzoni watu walinung'unika. Baada ya msimu mmoja wa mafua kupita bila nusu ya wodi kulala, hakuna aliyetaka turudi nyuma.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kusaini oda ya barakoa, nunueni pakiti moja ya udi. Ondoeni kwanza mitungi ya oksijeni na mgonjwa yeyote anayetumia oksijeni au mwenye pumu. Muwashe usiku, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, mkianzia kitanda kilicho karibu na meza yenu, halafu chumba cha chai mkiwa mmekaa wote. Rudi uniambie moshi ulielekea wapi.