Maswali na majibu: Debian, systemd na haki ya kuchagua

Nitajuaje mashine yangu inawashwa na nini?

Andika `ps -p 1 -o comm=`, uone init yako, yaani programu ya kwanza kuanza mashine ikiwaka, ambayo huanzisha nyingine zote. Jibu likiwa `systemd`, ndiyo hiyo. Likiwa `init`, kwenye mfumo endeshi wa Debian kwa kawaida ni sysvinit, ile ya zamani. Usihukumu kwa kuwepo kwa amri ya `service`, maana iko pande zote mbili.

Kwa nini Debian ilituletea systemd bila kutuuliza?

Mjadala ulikuwepo, tena mrefu. Februari 2014 Kamati ya Ufundi iligawanyika kura 4 kwa 4 kati ya systemd na Upstart, init nyingine, na mwenyekiti Bdale Garbee akaamua kwa kura yake. Uamuzi huo ulihusu tu init inayokuja kwa kawaida kwenye Debian ya Linux. Novemba mwaka huohuo wanachama wote walipigia kura suala la programu kutegemea init moja. Likashinda chaguo lililosema kwamba azimio la aina hiyo halihitajiki. Desemba 2019 wakapiga tena, na safari hii lililoshinda ni kuendelea na systemd huku mradi ukiwaunga mkono wanaojaribu njia nyingine.

Lalamiko lenye uzito ni jingine: wanaopiga kura ni wanachama wa mradi, si watumiaji. Ni kweli. Ila hao ndio watakaoamshwa usiku kifurushi (programu iliyoandaliwa kusakinishwa) kikiharibika, kwa hiyo sioni ajabu.

Nina seva ya Debian 12. Nirudi vipi kwenye sysvinit bila kuiua?

Kwanza weka rsyslog, programu ya kuandika kumbukumbu za mfumo, kwa sababu Debian 12 haiileti yenyewe. Bila hiyo, na bila journald (sehemu ya systemd inayotunza kumbukumbu), hutakuwa na kumbukumbu za mfumo. Kisha:

`apt install sysvinit-core orphan-sysvinit-scripts`

Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. systemd-sysv, kifurushi kinachoifanya systemd iwe init, lazima itoke. Ukiona na mazingira ya mezani yanaondoka, jibu `n`: hapo unahitaji pia elogind na libpam-elogind, maana GNOME na wenzake huziuliza nani ameingia na nani ana ruhusa ya kuzima mashine.

Sasa fungua `/etc/inittab`, faili la mipangilio la sysvinit. Kama seva unaifikia kwa konsoli ya siriali, mstari unaoanza na `T0` umezimwa kwa alama ya `#`. Uwashe na urekebishe kasi ilingane na yako, la sivyo mashine itawaka vizuri nawe utakodolea macho skrini tupu.

Washa upya kwa `systemctl reboot`. Kifurushi chenyewe cha systemd usikifute bado! Mambo yakienda kombo, kwenye GRUB (menyu inayotokea mashine ikianza kuwaka) bonyeza `e`, ongeza `init=/lib/systemd/systemd` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl-X. Umerudi ulikotoka. Ukishahakikisha huduma zote zinawaka, ndipo utumie `apt purge systemd`.

Nimehama, lakini huduma moja inagoma. Chini ya systemd ilikuwa nzima.

Tazama faili lake la systemd, lile la `.service`. Mara nyingi kuna `RuntimeDirectory=`, yaani systemd ndiyo iliyokuwa ikitengeneza folda ndani ya `/run` na kumpa mtumiaji husika. `/run` hufutika kila mashine inapozimwa, hivyo skripti yako ya init (faili la amri linaloanzisha huduma chini ya sysvinit) lazima ifanye `mkdir` na `chown` kabla ya kuanzisha programu. Kinachofuata ni `User=`, mtumiaji wa kuendesha programu, ambacho kwenye start-stop-daemon (amri ambayo skripti huitumia kuanzisha na kusimamisha huduma) kinakuwa `--chuid`. Programu isiyojipeleka nyuma yenyewe itahitaji `--background --make-pidfile`, na hapo uwe macho: ikifa sekunde moja baada ya kuanza, skripti bado itasema imefaulu.

Pia sysvinit haiinui huduma iliyoanguka, isipokuwa zilizoandikwa `respawn` kwenye inittab. Nazo kinga kama `ProtectSystem=` na `PrivateTmp=` hupotea kimyakimya. Hili la mwisho watetezi wa sysvinit hulipita haraka mno.

Si bora nihamie Devuan, tawi la Debian lisilotumia systemd?

Ukitaka init nyingine idumu miaka bila kupambana na kila sasisho, ndiyo. Ilizaliwa Novemba 2014 kwa ugomvi huohuo, na hukupa sysvinit, OpenRC au runit. Hama kwenye toleo linalolingana: Debian 12 kwenda Devuan 5, si vinginevyo.

Mtunzaji wa kifurushi ameondoa skripti ya init. Huo si uonevu?

Baada ya kura ya 2019 halazimiki kuwa nayo. Kumwambia "watumiaji wana haki ya kuchagua" hakumpi mashine ya kujaribia wala muda. Andika skripti kwa `/lib/init/init-d-script`, ambayo kwa huduma nyepesi inataka kichwa cha LSB (mistari ya maelezo ya huduma juu ya skripti) pamoja na `DAEMON=` na `DESC=` tu. Jaribu kuanzisha, kusimamisha, kuanzisha mara mbili mfululizo, na kuwasha mashine upya. Itume kama kiraka kwenye ripoti ya hitilafu, useme umejaribu kwenye toleo lipi na kwamba ripoti za sysvinit utazishughulikia wewe. Akikataa bado, iombee nafasi ndani ya orphan-sysvinit-scripts, kifurushi kilichotengenezwa mahsusi kwa skripti zilizoachwa.