Taka za umeme: maswali yenu, na mengine mnayarudia

Nina simu mbovu zimejaa droo, nizitupe wapi?

Hili swali limekuja tena, haya. Sio kwenye pipa la maganda ya ndizi. Peleka kwa mkusanyaji mwenye kibali au duka linalopokea vifaa vya zamani. Toa laini na memori kadi, toka kwenye akaunti zako kwanza ndo ufute kila kitu. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiikandamize, inawaka moto.

Sheria ya taka za umeme tunayo, mbona uchafu uko palepale?

Kwa sababu sheria haina mikono ya kubeba friji bovu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa ni asilimia 22.3 tu, na hapo nchi 81 zilishakuwa na sera au sheria. Mimi nikishika sheria yoyote natafuta kifungu kimoja tu, nani analipa. Katika hizo 81, nchi 67 zinamtaja mtengenezaji au muingizaji, sawa, ila zilizoweka lengo la kiasi cha kukusanya ni 46, sasa usipoweka lengo utamdai nani kwa kushindwa? Uswisi wana kanuni tangu 1998, gharama ya kuchakata inalipwa pale unaponunua kifaa kipya, na muuzaji analazimika kupokea cha zamani cha aina anazouza hata kama hukununua kwake. Kwingine muingizaji akishauza anasepa, halmashauri ndo inabaki na jalala, na muingizaji mwaminifu aliyejisajili anaumizwa bei na mwenzie aliyepitisha mzigo kimyakimya.

Si tufunge tu mipaka vifaa vya mtumba visiingie?

Nusu ya jibu. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka hatari zinazovuka mipaka, unafanya kazi tangu 1992, na toka Januari 1, 2025 hata taka za umeme zisizo na sumu haziruhusiwi kuvuka mpaka hadi nchi inayopokea ikubali kwanza. Ujanja uliobaki ni kuandika kwenye karatasi "vifaa vilivyotumika" wakati ndani ya kontena kuna runinga zilizopasuka kioo. Dawa yake ni ya kawaida sana, afisa achomeke kwenye umeme aone kama inawaka. Lakini na hiyo simu mpya unayosomea hapa nayo itakuwa taka, mpaka hauhusiki.

Watu wanachoma nyaya wapate shaba, moshi si unaondoka na upepo?

Unaondoka kwenda wapi ndugu yangu? Plastiki ya waya mara nyingi ni PVC, ina klorini, ukiichoma hovyo inatoa sumu kali iitwayo dioksini, inatua kwenye udongo, kuku anadonoa, wewe unakula yai. Pale Agbogbloshie, Accra, mayai ya kuku waliokuwa wakizurura eneo la kuchomea yalipimwa yakakutwa na dioksini kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 2021 serikali ya Ghana ikabomoa eneo lile, uchomaji ukahamia pembeni. Ndo maana wanaoniandikia "wafukuzwe tu" wananichosha. Hao wachomaji ndo wanaopita mlango kwa mlango kukusanya, hakuna kampuni inayofika huko. Nunua kwao waya mzima kwa bei inayoshinda ya shaba iliyochomwa uone kama kuna mtu atawasha kiberiti.

Kampeni za uhamasishaji zinasaidia?

Kama boksi la kukusanyia liko karibu, ndiyo. Kama halipo, mmegawa fulana.

Nimeona video mtu anatoa dhahabu kwenye bodi za simu kwa tindikali, naweza kufanya nyumbani?

Hapana. Simu moja ina dhahabu chini ya sehemu ya kumi ya gramu, mvuke wa hiyo tindikali unachoma mapafu, na maji yanayobaki yana metali nzito, utayamwaga wapi, chooni? Na wewe uliyeuliza hiyo tindikali inauzwa wapi, barua yako nimeiona, sijibu.