Mtoto hajui bei: mulioniuliza kuhusu vitu vya kuchezea

Tangu sikukuu ipite meseji zenu nyingi ni za matoi, na karibu wote munaanza na pesa. Haya tuanze.

*Mwanangu ana miezi minne na mimi nna elfu kumi tu, ninunue nini? (Mama, Wete)*

Shoga, hiyo elfu kumi itabaki na chenji. Miezi minne ndo kwanza anajifunza kunyoosha mkono na kukamata, na kila akikamatacho safari yake mdomoni, kwa hivyo anataka kitu chepesi, kiganja chake kikiweze, na kiwe kinaosheka. Nunua kimoja cha kutikisa kinacholia, cha plastiki ngumu, basi. Vyengine viko jikoni kwako: kikombe cha plastiki, mwiko mdogo, vifuu viwili ulivyovipiga msasa mpaka nyuzi zote zikatoka, ukivigonga pembeni utamuona anageuza kichwa kutafuta sauti imetokea wapi. Na kanga usiisahau, jifunike uso halafu jitokeze, akifika miezi minane tisa ufiche kijiko chini yake huku anakutizama, ataifunua mwenyewe, maana hapo ndo anaanza kufahamu kuwa kitu kisichoonekana hakijapotea. Ila ile chupa ya kutiliwa choroko mimi siipendi, kifuniko kikifunguka zote zinaishia kooni.

*Nimeona piano ya betri inawaka taa na kuimba, elfu ishirini na tano. Inafaa kwa wa miezi kumi? (Baba, Mwanakwerekwe)*

Kaka, na mimi nishaingia mkenge huo kwa mwanangu wa kwanza. Siku ya tatu jirani kaja kuniuliza lile toi lina swichi ya kuzimia au halina. Halafu mtoto kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu, toi ndo lililokuwa linacheza yeye anatizama. Kwa pesa hiyo mimi ningenunua mpira laini na vikombe vya kupangana, vikombe anapanga, anabomoa, anatilia maji, mpaka miaka miwili bado anavyo.

Lakini la muhimu zaidi ni betri, hasa zile bapa za duara kama za saa. Mtoto akimeza ikakwama kooni, ndani ya masaa mawili inaweza kumuunguza vibaya sana, kwa hivyo kama kifuniko cha betri hakina skrubu usilinunue hata kama ni la bure, na ukihisi tu kameza usingoje kesho, mbio hospitali.

*Mjukuu wangu ana miezi minane, nimnunulie kile kigari cha magurudumu anachokaa ndani ili atembee upesi? (Bibi, Makunduchi)*

Shikamoo bibi. Hapana bibi yangu, hakimtembezi mapema, na nyumba zetu hizi zenye baraza na vidaraja mtoto anateremka nacho mpaka chini kabla hujainuka kwenye mkeka. Kanada walivipiga marufuku tangu 2004. Mtandikie huo huo mkeka atambae, umuwekee kigoda kizito ajishike ainuke. Ile mbuzi ya kukunia nazi tu ndo uifiche.

*Mitumba ya matoi Darajani, salama? (Dada, Chake Chake)*

Salama ukichagua, mimi nanunua sana. Rangi inayobanduka achana nayo, huenda ina madini ya risasi, siyo ya bunduki, ile sumu ya kwenye rangi. Midoli ya manyoya vuta macho na vifungo kwa nguvu zako zote, kikitoka mkononi mwako na yeye atakitoa. Kamba isizidi shubiri. Halafu chukua kigogo cha ndani cha tishu ya choo: chochote kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani vya plastiki osha kwa maji ya moto na sabuni, vya nguo fua, vyote anika juani mpaka vikauke kabisa. Yale ya mpira yenye kitundu cha kurushia maji usinunue, ndani yanaota ukungu na huuoni.

*Wageni wanamletea maputo kila sikukuu, niyakatae? (Mama, Mkoani)*

Pokea, sema ahsante, yafunge juu asipofika. Likipasuka okota vipande vyote wewe mwenyewe, usimtume mkubwa wake, kipande kimoja cha puto kinatosha kumziba pumzi.