Maswali na majibu: Namba 4,294,967,297

Kwa nini namba hii inatajwa mara nyingi kwenye hisabati?

Ni 2³² + 1. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat aliamini kwamba kila namba ya aina hii, yaani 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukajumlisha 1, ni namba tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

641 ni namba tasa ya 116. Lazima nijaribu zote 115 zilizotangulia?

Hapana. Kigawanyo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe cha umbo 64k + 1, ambapo k ni namba nzima yoyote kuanzia 1. Kabla ya 641, namba tasa za umbo hilo ni nne tu: 193, 257, 449 na 577. Ukigawanya, unabakiwa na 109, 2, 325 na 288. Ya tano, 641, haibakishi kitu. Baadaye Édouard Lucas alipunguza kazi zaidi: umbo ni 128k + 1, kwa hiyo unajaribu 257, kisha 641, basi.

Naweza kuthibitisha bila kikokotoo?

Ndiyo, na uthibitisho wenyewe ni mzuri mno. Angalia kwamba 641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa baki za 641 (namba mbili ni sawa zikiwa tofauti yao inagawanyika kwa 641), usawa wa kwanza unasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Usawa wa pili unasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pake, upate −2³² sawa na 1. Yaani 2³² + 1 haina baki.

Je, 6,700,417 nayo haigawanyiki tena?

Ni tasa. Kigawanyo chake chochote kinaigawanya pia namba yetu, hivyo umbo ni lilelile. Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588, na chini ya hapo namba tasa za umbo 128k + 1 ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Zote zinaacha baki.

Programu yangu inasema 641 haiigawanyi. Tatizo nini?

Huenda umetumia namba kamili ya biti 32 isiyo na alama hasi. Mwisho wake ni 4,294,967,295, hivyo namba yetu inazunguka na kuhifadhiwa kama 1, na baki inatoka 1. Tumia biti 64.

Kuna njia ya kujua si tasa bila kutafuta kigawanyo?

Ipo. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. Hii inaandikika: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449².