Usimwandike kifaru, waandike wanaomtazama

Tamthilia yangu ya kwanza ya kisiasa ilikuwa na chifu mwenye kitambi. Alikula jukwaani tangu pazia lilipofunguliwa hadi lilipofungwa, raia wake wamekaa chini wanamtazama. Watu walicheka sana. Walipotoka nje nikatega sikio: wa chama hiki walisema nimewachapa wale, wa chama kile wakasema nimewachapa hawa. Hakuna hata mmoja aliyeondoka na hofu. Niliumia, kwa sababu mimi niliandika nikiwa na hofu. Nilikuwa nimeona majirani zangu wakianza kushusha sauti wanapotaja mambo fulani, hata wakiwa ndani kwao, milango imefungwa, na hakuna aliyewaamuru.

Hapo ndipo nilipogeukia ubwege, ule mtindo wa tamthilia unaoweka jambo lisilowezekana katikati ya maisha ya kawaida. Wengi wakilisikia neno hilo hudhani ni tamthilia ya vioja, kwamba mwandishi anaruhusiwa kutia lolote. Sivyo. Ukiweka ng'ombe anayehutubia, saa inayokwenda kinyume na marehemu anayecheza ngoma, hadhira inastarehe; imeshajua iko ndotoni na asubuhi itaamka. Chagua jambo moja tu lisilowezekana. Mengine yote yabaki kama yalivyo: chai ya rangi, kodi ya nyumba, sare za shule, mtoto mwenye homa.

Nilijifunza hili kwa mwandishi wa tamthilia Eugène Ionesco. Alizaliwa Romania, na miaka ya 1930 akiwa Bucharest aliwaona rafiki zake, watu waliosoma, wakimezwa na ufashisti mmoja baada ya mwingine. Tamthilia yake Rhinocéros, aliyoiandika kwa Kifaransa, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1959. Watu wa mji mdogo wanageuka vifaru. Kifaru anapita mbio barabarani, kisha anapita tena na kumponda paka wa mama mmoja. Watu wanafanya nini? Wanabishana. Je, alikuwa na pembe moja au mbili? Ni wa Asia au wa Afrika? Baadaye, ofisini, Bi Boeuf anatambua kwamba kifaru anayelia chini ya ngazi ni mumewe. Anasema hawezi kumwacha, anamrukia mgongoni, wanakwenda zao nyumbani.

Msomaji, simama kwa Bi Boeuf. Nimemrudia mara nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote. Hana ubaya wala ujinga. Ni mke anayempenda mumewe, na baraza lolote la wazee lingemsifu. Ndiyo maana anatisha. Kila anayegeuka kifaru ana sababu yake, na nyingi ya sababu hizo ni za heshima: uaminifu, adabu, kutotaka kuonekana anajitenga na wenzake.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari hata mmoja wa mazungumzo, chukua daftari umwandikie kila mhusika sababu yake ya kukubali. Iwe sababu ambayo mama yako mzazi angeweza kuitoa bila kuona haya. Ukikuta umemwandikia mtu "kwa sababu ni mwoga" au "kwa sababu amehongwa", futa. Hadhira haijioni katika mwoga wala mla rushwa. Inamwona jirani.

Tamthilia yangu ya pili ina familia na dari. Kila onyesho, yaani kila sehemu ya tamthilia, dari linashuka shubiri moja. Tulitumia fremu ya mianzi, kitambaa cha marekani na kamba nne, na vijana wanaoshusha kamba wanaonekana wazi. Hatukuwaficha, kwa kuwa hata katika maisha wanaoshusha wanajulikana. Baba anasema dari halijashuka, watoto ndio wamekua. Mama anashukuru kwamba sasa ni rahisi kufuta buibui. Bibi, aliyepinda mgongo kwa uzee, anatolewa mfano wa mtu mwenye nidhamu. Fundi anaitwa kupunguza miguu ya viti, kisha ya meza, na anapongezwa kwa kazi safi. Mgeni akiingia amesimama wima, wenyeji wanamwonea haya, wanamwomba ainame kwa upole uleule wa kumwomba avue viatu.

Waigizaji watataka kuchekesha. Wazuie. Kwenye mazoezi nilimwambia aliyeigiza Baba: unamtetea mwanao asiadhirike mbele ya mgeni, basi, hakuna kingine. Alipoamini hivyo, kicheko ukumbini kilianza kwa nguvu, kikapungua, na kufikia onyesho la tano kikawa kimekatika chenyewe. Ukiwa mwongozaji, usikitafute kirudi.

Kuhusu lugha, usiibuni mbali. Václav Havel, mwandishi wa Kicheki, katika tamthilia iliyooneshwa Prague mwaka 1965, aliweka ofisi inayoletewa lugha mpya ya kikazi, Ptydepe, ambamo neno la mnyama mmoja adimu lina herufi 319. Mkurugenzi anapata waraka kwa lugha hiyo, na kila mlango anaobisha ili utafsiriwe unamrudisha kwenye mlango mwingine. Sisi hatuna haja ya kubuni Ptydepe. Tuna "suala lako linashughulikiwa", tuna "faili liko mezani kwa mkubwa", tuna "njoo kesho". Yaandike kama yanavyosemwa, neno kwa neno, uyaweke kinywani mwa mtu aliyeinama chini ya dari. Na Kiswahili kimeshauzoea ubwege: Said Ahmed Mohamed, katika tamthilia yake Amezidi ya mwaka 1995, aliligawa neno moja likawa wahusika wawili, Ame na Zidi.

Kuna ushauri utakaousikia, nami siukubali: kwamba ubwege ni kichaka cha kumkwepa mkaguzi. Tanzania imekuwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu 1976, na mswada wa tamthilia yako unaweza kusomwa na watu wenye mamlaka ya kuukataa. Wale si wajinga. Ukiandika kwa kujificha, utaficha hadi hadhira isikuone, na mkaguzi akuone vilevile. Andika ubwege pale tu ambapo uhalisia umeshindwa kuonesha unachokiona. Mimi niliuhitaji kwa sababu kule kushusha sauti hakukuwa na siku, hakukuwa na amri, hakukuwa na mtu wa kumnyooshea kidole.

Mwisho wa tamthilia ndio ulionisumbua zaidi. Mwanzoni binti wa nyumba ile alikuwa na hotuba ya ukurasa mzima akieleza maana ya dari. Tulipoonesha shuleni, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Kwa nini hawatoki? Si kuna mlango?" Nilikuwa na jibu refu la kumpa, nikanyamaza, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kubishana. Mmoja alisema nje kuna mvua. Mwingine akasema wangemwachaje Bibi. Wa tatu akauliza wakitoka viti watampa nani. Nikayatambua yote, yalikuwa yameandikwa katika daftari langu.

Usiku ule niliikata hotuba. Tangu hapo, mlango huwa wazi tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho, na hakuna mhusika anayeutaja.