Kikande na wenzake wa tangi

Ndugu, umeuliza kama samaki wako kikande aina ya Picasso, wa sentimita 12 kwenye tangi la samaki la lita 200, ataelewana na kamba na samaki wadogo wa anemoni (wale wanaojificha kwenye minyiri ya mnyama huyo wa baharini). Kamba sahau kabisa. Meno ya kikande yameumbwa kuvunja kaa na konokono. Kamba atakuwa kitoweo tu, tena cha bei ghali. Hao wadogo nao wataishi kwa mashaka.

Tafuta samaki wenye ubavu: kangaja aliyelingana naye au kumzidi kidogo, kitatange mkubwa, au mkunga mdogo wa mabaka, yule samaki mrefu kama nyoka (funika tangi vizuri, mkunga hutoroka). Wenye mapezi marefu na mwendo wa pole usiweke, atawadonoa mpaka mapezi yabaki vijiti. Kikande wa pili pia hapana.

Kinachowaponza wengi zaidi ni utaratibu: mkorofi anatakiwa aingie wa mwisho. Wako ameshatangulia, basi siku ya kuleta mgeni pangua mawe yote ili asiwe na himaya ya kulinda. Mtie mgeni taa zikiwa zimezimwa, wakati kikande amejichomeka tunduni na kukaza mwiba wa mgongoni. Ukiweza, watenganishe kwa kizuizi cha plastiki chenye matundu siku kadhaa, waonane bila kufikiana.

Ila kwa lita 200 mimi nisingeongeza yeyote. Huyo kikande akikua anapita sentimita 20. Nunua tangi kubwa kwanza.