Ruta ya OpenWrt: igeuze usome toleo

Ndugu, umeuliza kama ruta ya TP-Link TL-WR841N ya mtumba itaendesha vizuri OpenWrt, programu huria inayowekwa badala ya ile ya kiwandani. Iache. Jina hilohilo limebeba mashine tofauti: toleo la 13 lina flashi (hifadhi ya programu) ya MB 8 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya MB 64, la 14 lina MB 4 na 32 tu, haitoshi kabisa. Kwa hiyo, ruta yoyote utakayoipenda, igeuze, usome "Ver" kwenye lebo ya chini, kisha ulinganishe na orodha ya vifaa ya OpenWrt kabla hujatoa hela. Tafuta flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128 kwenda juu. Chipu za MediaTek zinakubali vizuri. Broadcom zitakusumbua kwenye Wi-Fi. Bajeti ikiruhusu, chukua ruta ya GL.iNet, GL-MT3000.